Tarehe ilipita, mama yangu anaumwa, na mtoto analala na viatu

BARUA

Mama, Bwana asifiwe. Ninakuandikia kutoka Malindi, mtaa wa Maweni. Naomba jina langu usilitoe, maana hapa watu tunajuana.

Nina miaka 36, nina mume na watoto watatu. Mume wangu anaendesha tuktuk, mimi ni fundi wa kushona. Katikati ya mwaka 2025 nilianza kwenda kwenye kikundi cha maombi kinachokutana nyumbani kwa dada mmoja. Mwanzoni kilikuwa kizuri. Tulisoma Neno, tuliombeana, tulitembelea wagonjwa. Halafu zikaingia kwenye simu zile video za mhubiri wa Afrika Kusini aliyesema ameonyeshwa kwamba Yesu atalichukua kanisa lake tarehe 23 au 24 Septemba. Kiongozi wetu akasema naye amethibitishiwa katika maombi.

Tukafunga, tukakesha. Tukaambiwa mwenye vitu vya dunia avitoe. Niliuza cherehani yangu na pesa zote nikatoa sadaka. Na kuna jambo ambalo mume wangu halijui mpaka leo. Nilikopa shilingi 40,000 kwenye chama chetu cha akina mama, nusu nikapeleka kwa kikundi, nusu ikaisha kwa matumizi. Wakati nakopa nilijua moyoni kwamba sitalipa, kwa sababu siku ya kulipa nilidhani sitakuwa hapa duniani. Watoto nao niliwaweka nyumbani wiki mbili, shule wasiende.

Usiku ule tulikaa uani tukiimba mpaka adhana ya alfajiri ikasikika. Kiongozi akasema hesabu ilikuwa na kasoro, tungoje Oktoba. Oktoba ikapita. Sasa anasema unyakuo ulifanyika rohoni, na wenye maswali ndio walioachwa.

Mama, neno hilo linanimaliza. Binti yangu wa miaka tisa tangu siku zile analala na viatu na nguo za kutokea. Siku moja nilitoka kwenda kununua maji, nikaacha sufuria ya mbaazi jikoni. Akarudi kutoka shule, akakuta mlango wazi, chakula kinachemka, mtu hakuna. Alipiga mayowe ploti nzima ikatoka. Nilipofika alikuwa ameshikiliwa na jirani, anasema, "Mama amenyakuliwa, ameniacha."

Na sasa mama yangu mzazi, anayekaa Ganda, ana saratani ya mlango wa kizazi. Daktari ametuambia imesambaa, yuko nyumbani. Wiki iliyopita alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, nikifa nitafika?" Nilishindwa kumjibu, nikajifanya naenda kuchota maji. Kiongozi wetu alikuwa amemwambia kwamba angekuwa na imani hangeugua. Na kaka zangu wameanza kunong'onezana habari za shamba, mama akiwa bado anawasikia.

Naomba unijibu. Je, ni kweli niliachwa? Kama tarehe zile zilikuwa uongo, nitajuaje kama hukumu yenyewe ni kweli? Na mtu anajiandaa vipi kufa? Mume wangu hataki kulisikia neno kanisa ndani ya nyumba.

Mama wa Watatu, Malindi

JIBU

Mwanangu, Bwana asifiwe, na pole sana. Hukuachwa. Naliweka hilo mbele ili mengine uyasome ukiwa umeshusha pumzi.

Anachokisema kiongozi wenu, kwamba jambo lilishatokea na wengine hawakuliona, ni kosa la zamani, na Biblia inawataja kwa majina waliolifundisha. Katika 2 Timotheo 2:17-18 Paulo anawataja Himenayo na Fileto, waliokuwa wakisema ufufuo umekwisha kuwapo, na anasema waliipindua imani ya watu kadhaa. Wathesalonike nao walitishwa hivyo hivyo, wakaambiwa siku ya Bwana imeshafika. Paulo akawaandikia wasifadhaishwe upesi, hata ikija barua inayodaiwa kuwa imetoka kwake. Kuja kwa Kristo kunakoelezwa katika Maandiko kuna parapanda, kuna wafu wanaofufuka, na Ufunuo 1:7 inasema kila jicho litamwona. Hakuna nafasi pale ya tukio la siri linalojulikana na watu wachache wa uani kwa mtu. Kiongozi aliyekosea tarehe mara mbili alipaswa kuwaomba radhi. Kuwaambia waliouza mali zao kwamba wao ndio wenye kasoro ni kuwaongezea jeraha.

Kabla ya yote, nizungumze juu ya mtoto, kwa sababu sisi wakubwa tunaweza kungoja siku mbili tatu, yeye kila jioni inapofika anaingia tena kwenye hofu ile.

Mkalishe leo, mchana, kabla giza halijaingia, umwambie kwa maneno mepesi kwamba watu wazima walisema jambo ambalo Yesu hakulisema, na wewe uliliamini, na haikuwa kweli. Usimwambie "usiogope" halafu ukanyamaza. Mpe sababu. Mwambie Yesu aliwakasirikia wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimkaribie, akawakumbatia, akawawekea mikono. Huyo ndiye atakayekuja. Kama atakuja akiwa amelala, atamjua akiwa na gauni la kulalia kama angemjua akiwa na viatu. Usimvue viatu kwa nguvu. Mpe ruhusa ya kuviweka chini ya kitanda, mahali anapoviona, na baada ya siku kadhaa ataviacha mwenyewe. Ukitoka, hata kwenda dukani, mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo. Asipomkuta mtu nyumbani ajue nyumba ya kwenda: mkubaliane na yule jirani aliyemshika siku ile. Nenda pia kwa mwalimu wake, umweleze kwa kifupi, kwa sababu wiki mbili za kukosa shule zinaweza kuwa zimemletea aibu mbele ya wenzake. Na ikiwa miezi itapita bado anapiga mayowe usiku, anakojoa kitandani au anakataa kula, mpeleke hospitali ukaombe kuonana na mshauri nasaha. Kufanya hivyo hakupunguzi imani kwa lolote.

Sasa swali lako kubwa. Unauliza kama uongo wa tarehe unaifanya hukumu nayo iwe ya kutiliwa shaka.

Tazama ni nani aliyetufundisha juu ya hukumu. Ni Yesu mwenyewe, na ni yeye huyo aliyesema, "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Kwa hiyo kila tarehe inapopita bila kitu, neno lake linathibitika na la waliotaja tarehe linaanguka. Wanafunzi walimwuliza tena baada ya kufufuka, akawajibu kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira. Hakuwajibu kwa hesabu. Aliwapa kazi: muwe mashahidi wangu.

Historia ya watu waliochukua hesabu mkononi ni ndefu, nami nitakutajia watatu tu. Kule Ujerumani kulikuwa na mchungaji wa Kilutheri, mtaalamu wa hesabu kweli kweli, Michael Stifel. Alikokotoa kwamba dunia ingekwisha tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Watu wa kijiji chake waliziacha kazi zao wakamfuata. Saa mbili ikapita. Huko Marekani mkulima mmoja Mbaptisti, William Miller, alizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14 akazihesabu kuwa miaka, na mwishowe wafuasi wake wakaishikilia tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu walingoja usiku ule, na wengine walilia hadi kukapambazuka, kama ninyi mlivyokaa hadi adhana. Baadaye wako waliofafanua kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilifanyika mbinguni, pasipoonekana. Kisha Harold Camping, mhubiri wa redio, alitangaza tarehe 21 Mei 2011, ikapita, akaisogeza hadi 21 Oktoba mwaka huo huo, ikapita nayo. Mwaka uliofuata alikiri hadharani kwamba alikosea.

Stifel alikufa mwaka 1567. Miller alikufa Desemba 1849, miaka mitano baada ya tarehe ile. Camping alikufa Desemba 2013, akiwa na miaka 92. Kila mmoja alikutana na Bwana wake kwa njia ambayo wanadamu wote wanapita, na siku hiyo hakuna aliyeitangaza. Waebrania 9:27 yasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Hapo ndipo ninapotaka uyaelekeze macho yako, mwanangu. Kwa kila mmoja wetu siku ya mwisho iko umbali wa pumzi ya mwisho. Mhubiri anayekusukuma uitazame tarehe ya Septemba anakuondolea macho kwenye jambo ambalo lina hakika kuliko tarehe yoyote, na mama yako aliyelala Ganda anaelewa hili kuliko kikundi chenu chote.

Sisi wa Malindi hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kama mchezo. Aprili 2023 tuliona magari yakileta miili kutoka msitu wa Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wengi walikufa kwa njaa, watoto wakiwemo, kwa sababu waliaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kwenda kumlaki Yesu. Familia zilikaa karibu mwaka mzima zikingoja vipimo vya DNA kabla ya kupewa miili ya kwanza kwenda kuzika, Machi 2024. Na mwaka 2025 yakapatikana makaburi mengine Kwa Binzaro, upande huo huo wa Chakama. Kikundi chenu hakijafika huko, namshukuru Mungu. Lakini njia ni ile ile: anza na tarehe, fuata na mali, halafu shule, halafu dawa, halafu chakula. Kiongozi wako amekwisha kugusa mali, shule, na kwa maneno aliyomwambia mama yako ameanza kugusa dawa. Ukisikia anawaambia watu waache matibabu au wawanyime watoto chakula, usikae kimya ukiomba tu. Mwendee mzee wa Nyumba Kumi, mwendee chifu, nenda polisi.

Ninakuomba uifungue Mathayo 24 usome hadi mwisho wa sura, usiishie kwenye vita na matetemeko ambako wahubiri wengi huishia. Baada ya kusema "jiwekeni tayari", Yesu anaeleza mara moja kuwa tayari ni kufanyaje. Anataja mtumwa ambaye bwana wake amemweka juu ya nyumba yake, awape watu chakula kwa saa yake. "Heri mtumwa yule, ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo." Akifanya hivyo! Akigawa chakula. Kule msituni watoto walinyimwa chakula kwa jina la Yesu, na Yesu mwenyewe alisema mtumwa aliye tayari ni yule anayekutwa amewalisha watu wa nyumbani. Wewe ukiwa umepakua mbaazi ile, umewapa wanao watatu na mume wako, ulikuwa karibu na mafundisho ya Bwana kuliko usiku ule wa uani.

Yeremia naye alipambana na nabii mwenye tarehe. Hanania alisimama hekaluni akasema mateka watarudi kutoka Babeli kabla ya miaka miwili kuisha. Watu walimpenda. Yeremia akawaandikia mateka barua iliyokuwa kinyume kabisa: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, ozeni watoto wenu, itakuwa miaka 70. Hanania akafa mwaka ule ule. Watu waliomsikiliza Yeremia walikuwa na kazi ya kufanya kesho yake asubuhi. Nawe unayo.

Kazi yako ya kwanza ni lile deni, nami sitakuficha. Ulikopa pesa za wanawake wenzako ukiwa na nia ya kutolipa. Huo ni wizi, hata kama ulifanyika katikati ya nyimbo za sifa. Ukiniuliza ni jambo gani moja ambalo lingekutia hofu kusimama mbele ya Hakimu usiku huu, ni hilo, wala halihusiani na kama ulinyakuliwa au la. Msamaha upo, na upo bure. Lakini Zakayo alipompokea Yesu nyumbani mwake alisimama akasema atawarudishia watu mara nne, na Yesu hakumwambia akae chini.

Mwambie mume wako kwanza, kabla chama hakijamfikia. Chagua saa ambayo amekula na hana abiria wa kungojewa. Usimhubirie. Mwambie: nilikopa kiasi hiki, nilidanganyika, nilidanganya, naomba unisamehe, na nataka kulipa. Atakasirika, na ana haki. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa chama, uso kwa uso, ukiwa na chochote mkononi hata kama ni shilingi 500, ukubaliane naye malipo ya kila wiki unayoyaweza. Andikeni, watie sahihi mashahidi. Huna cherehani, lakini mafundi wengi mjini hukodisha kiti na mashine kwa siku au humpa mwenzao kazi za vipande, na sare za shule hazikosi wateja. Kuhusu ile nusu uliyoipeleka kwa kikundi na pesa za cherehani, mwendee kiongozi ukiwa na shahidi mmoja, umwombe arudishe. Akikataa, usimfuate kwa matusi, wala usirudi kwake. Pesa za chama bado utazilipa wewe, maana ni wewe uliyekopa.

Kuhusu mume wako nina maneno machache. Usimlazimishe kwenda kanisani mwaka huu. Alikuona ukiuza chombo cha kazi, watoto wakikosa shule, na yote yakaitwa imani. Akiona deni linalipwa na watoto wanaamka asubuhi kwenda darasani, ataona jambo jingine likiitwa imani. Wewe rudi kwenye kanisa lenye wazee wanaojulikana, lenye vitabu vya hesabu vinavyosomwa mbele ya washirika, ambalo mchungaji anaweza kuulizwa swali na asikasirike.

Sasa mama. Hapa nataka tukae kidogo.

Maneno aliyoambiwa, kwamba angekuwa na imani hangeugua, yaondoeni masikioni mwake leo hii. Elisha, nabii aliyefufua mtoto, aliugua ugonjwa uliomwua, imeandikwa hivyo wazi katika 2 Wafalme 13:14. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo alisumbuliwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara. Hakuna popote wanapoambiwa kwamba ni kwa kukosa imani. Saratani ya mlango wa kizazi kwa sehemu kubwa huletwa na virusi vya HPV, na mwanamke mwenye imani kubwa anaweza kuipata. (Huyo binti yako wa miaka tisa, mwaka ujao atakuwa na umri ambao hospitali za serikali humu nchini hutoa chanjo ya virusi hivyo. Mpeleke.) Muulizeni daktari habari za tiba shufaa, yaani uangalizi wa kupunguza maumivu, na kama ameandikiwa mofini msimnyime mkidhani mnamsaidia kiroho. Mtu anayeumwa vibaya hawezi hata kuomba Baba Yetu hadi mwisho.

Alikuuliza, "Nikifa nitafika?" na wewe ukaenda kuchota maji. Rudi ukamjibu. Yeye anajua anakufa, na amekuchagua wewe umwulize. Wengi wetu hapa pwani tukiwa na mgonjwa wa namna hii tunamjaza maneno ya "utapona tu", na yeye anabaki peke yake na jambo lile analoliona likija. Kaa kitandani pake. Kwanza muulize ni nini kinachomtisha, kisha usimkatize. Huenda ni dhambi ya zamani. Huenda ni mtu aliyegombana naye miaka mingi. Huenda ni giza tu, na maumivu. Jibu litategemea atakachosema.

Ikiwa ni dhambi, msomee Luka 23 kuanzia aya ya 39. Yule mhalifu msalabani hakuwa na muda wa kufunga wala kutoa sadaka. Alikuwa ametundikwa, hakuweza hata kurudisha alichoiba. Alisema tu, "Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," na jibu likaja: "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Msomee Warumi 8:1, kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Na Yohana 5:24, ambapo Bwana anasema alisikiaye neno lake na kumwamini yeye aliyempeleka yuna uzima wa milele, wala haingii hukumuni. Hii ndiyo sababu ninaweza kukuambia umjibu, "Ndiyo, mama, utafika," kama moyo wake umemtegemea Kristo. Kufika kwake hakutokani na kuwa mwema vya kutosha. Hakimu atakayemkuta ndiye aliyekwisha kuzichukua dhambi zake. Hilo ndilo kanisa limelishika tangu mwanzo: tunaamini atakuja kuwahukumu walio hai na waliokufa, na tunaamini ondoleo la dhambi. Wanaohubiri tarehe huwasomea watu nusu ya kwanza wakaiacha ya pili, na ndiyo maana hofu yenu ilikuwa kubwa hivyo.

Ikiwa ni mtu aliyegombana naye, mtafuteni. Mpigieni simu hata kama yuko Mombasa au Nairobi, mama amsikie sauti. Msingoje wakutane kwenye matanga.

Ikiwa ni giza, basi Zaburi ya 23, aya ya nne, ile ya bonde la uvuli wa mauti. Inasema "Wewe upo pamoja nami". Isomeni polepole, mara nyingi. Mwombeni mchungaji wa kanisa lake alete Meza ya Bwana nyumbani. Na mwimbieni nyimbo alizokuwa akiimba yeye alipokuwa na nguvu, hata kama kwenu siku hizi hamziimbi.

Hapa kwetu kuna kanisa lile dogo la Wareno karibu na ufuo, lenye paa la makuti, na makaburi yake yanalizunguka. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, akamzika hapa msafiri mwenzake aliyefia safarini. Miaka 10 baadaye, Desemba 1552, yeye mwenyewe alikufa kisiwani, karibu na pwani ya Uchina, akingoja chombo cha kumvusha akahubiri bara. Hakufika alikokuwa akienda. Naona hilo si vibaya, kifo kumkuta mtu njiani kuelekea kazini kwake.

Limebaki la shamba, na hili msilione dogo kwa kuwa ni la dunia. Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa, neno la Mungu lilikuwa, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Kutengeneza mambo ya nyumba ni sehemu ya kujiandaa kufa, na mama yako anawasikia kaka zako wakinong'ona. Muulizeni anataka nini, wote mkiwapo, mbele yake. Kisha mwandikeni wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya haidai makaratasi ya gharama kubwa: uwe wa maandishi, aweke sahihi au kidole mwenyewe akiwa na akili timamu, na mashahidi wawili au zaidi wamwone akiweka, nao waweke sahihi zao. Shahidi asiwe mtu anayerithi chochote humo, maana fungu lake litaanguka isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiorithi. Wosia wa mdomo nao unakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini una nguvu tu ikiwa mtu amefariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke, kwa hiyo wa maandishi ni salama zaidi. Kama hati ya shamba bado ni ya jina la marehemu babu au ya mtu mwingine, kama ilivyo kwa mashamba mengi ya huku kwetu, semeni hilo mapema na mwende kwa chifu na kwa wakili, maana mama hawezi kugawa kisheria kisicho cha jina lake.

Mzee wa kanisa lake anaweza kuwa shahidi mmoja, na jirani asiyehusika na shamba akawa wa pili. Fanyeni wiki hii, saa za asubuhi, akiwa amekwisha kunywa dawa ya maumivu lakini hajashikwa na usingizi.